Gari Ndogo ya Zamani au Sedani ya Familia ya Karibuni? Tupige Hesabu Kabla ya Kutoa Riyali



Swali la gari tunaulizwa karibu kila mwezi, na huja kwa sura mbili. Mafundi wa ujenzi na madereva huuliza: "Nichukue Corolla ya zamani ya bei ndogo niende nayo saiti, au nijibane ninunue Camry ya karibuni?" Dada zetu wanaofanya kazi za ndani huuliza: "Nataka kununua gari nyumbani, kaka aendeshe alete hesabu. Nichukue ndogo ya zamani, au ya familia iliyo mpya mpya?"

Leo tunajibu yote mawili, kwa sababu hesabu yake ni moja, ila nchi ndiyo inayobadilisha jibu. Chukua kalamu. Bei za magari, bima na gereji tulizotumia hapa ni za mfano tu, ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe weka namba zako.

1. Kwanza: una haki ya kuwa na gari hapa?

Kabla ya kuangalia rangi na rimu, maliza mambo matatu.

La kwanza ni leseni. Leseni ya nyumbani haikufanyi uwe dereva wa Oman. Wengi wetu tunalazimika kuingia shule ya udereva na kufanya mtihani wa polisi, na hiyo ni pesa na miezi. Iweke kwenye hesabu ya gari.

La pili ni bataka yako. Nenda ofisi ya trafiki ya polisi, uliza kama kazi na kibali kilichoandikwa kwenye bataka yako vinakuruhusu kuandikisha gari kwa jina lako. Usiulize jirani. Uliza ofisini.

La tatu ni mulkiya. Mulkiya ndiyo gari. Wako wenzetu wanaonunua gari kwa pesa zao kisha wanaiandikisha kwa jina la rafiki, "kwa sasa tu". Siku mkikosana, siku rafiki akirudishwa kwao, siku akiwa na deni, gari ni yake, na karatasi za ATM ulizoweka chini ya godoro hazitakusaidia kitu. Kama haiwezi kuandikwa jina lako, usinunue. Na wewe pia usikubali gari ya mtu iandikwe jina lako: faini na ajali zitakufuata wewe.

2. Magari mawili tunayoyalinganisha

Tuchukue mfano ambao kila mtu Sharqiyah anaujua, kwa sababu huwezi kuvuka barabara usiione:

- Gari A: Toyota Corolla ya 2010, sedani ndogo, injini ya lita 1.8. Bei ya mfano: riyali 1,200.
- Gari B: Toyota Camry ya 2018, sedani ya familia, injini ya lita 2.5. Bei ya mfano: riyali 4,200.

Camry ni ndefu kuliko Corolla kwa kama sentimita 34, na nafasi kati ya tairi za mbele na za nyuma ni kubwa zaidi kwa zaidi ya sentimita 22. Sentimita hizo ndizo magoti ya abiria wa nyuma. Kama mnasafiri watu watano wazima kwenda Maskati, mtazisikia. Kama unakwenda saiti peke yako na beseni la chakula, hutazisikia kabisa.

3. Mafuta: hapa wengi hukosea

Kila mtu anaamini gari ndogo hula mafuta kidogo. Si lazima. Umri una kazi yake. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Corolla ya 2010 yenye injini ya 1.8 na gia otomatiki hutumia kama lita 8 kwa kilomita 100. Camry ya 2018 yenye injini ya 2.5 hutumia kama lita 7. Yaani gari kubwa inakula kidogo kuliko ndogo! Sababu ni kwamba Corolla ile ina gia nne tu, wakati Camry iliyopimwa ina gia nane, na injini yake imetengenezwa kwa ufundi wa miaka ya karibuni. Gari za Ghuba zinaweza kuwa na injini au gia tofauti na zile za Marekani, na AC ya mwezi wa sita inaongeza ulaji kwa zote mbili, lakini picha ni hiyo.

Sasa tuipime kwa pesa. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali ya Oman iliweka kikomo cha bei ya petroli: baisa 229 kwa lita ya M91 na baisa 239 kwa M95. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi kwa M91:

- Gari A: lita 120, yaani kama riyali 27 na nusu.
- Gari B: lita 105, yaani kama riyali 24.

Tofauti ni riyali 3 na nusu kwa mwezi, riyali 42 kwa mwaka. Muuzaji akikwambia "hii mpya itakulipa kwa mafuta", mwambie taratibu: riyali 3,000 za ziada kwenye bei, ukizigawa kwa 42, ni zaidi ya miaka 70. Mafuta hayaamui kitu hapa. Tuendelee.

4. Pesa inayoondoka bila risiti: thamani kushuka

Mafuta unayaona yakiingia. Gereji unailipa kwa mkono. Lakini pesa kubwa kuliko zote huondoka kimya kimya, na hakuna anayekupa risiti: ni bei ya gari inavyoshuka kila mwaka.

Gari ya zamani imekwisha kushuka. Aliyeinunua mpya ndiye aliyebeba hasara hiyo, Mungu ambariki. Gari ya karibuni bado ina pa kushuka, na atakayebeba sasa ni wewe. Tuseme miaka miwili baadaye unauza, maana mikataba yetu mingi ni ya miaka miwili:

- Gari A: umenunua 1,200, umeuza 900. Imepotea 300.
- Gari B: umenunua 4,200, umeuza 3,000. Imepotea 1,200.

Na hiyo ni kama umeuza kwa nafasi. Ukiambiwa mkataba umekwisha na tiketi ni wiki ijayo, mnunuzi atajua kabla hujafungua mdomo. Gari A ukiiuza kwa haraka unaweza kupoteza 200 zaidi. Gari B ukiiuza kwa haraka inaweza kukupotezea mshahara wa miezi kadhaa.

5. Bima, mulkiya na gereji

Gari ya zamani watu wengi huikatia bima ndogo, ile ya thed pati: ukigonga, bima inamlipa uliyemgonga, yako unatengeneza mwenyewe. Gari ya riyali elfu nne huwezi kulala usingizi bila bima kubwa. Kwa hiyo bima ya B ni ghali zaidi. Upande mwingine, gari kongwe hupelekwa ukaguzi wa polisi kabla mulkiya haijahuishwa, na mkaguzi akikuta tairi zimechoka au taa haiwaki, anakurudisha. Faini zote za barabarani pia hulipwa kwanza. Ukiwa na gari ya zamani, weka akiba ya ukaguzi miezi miwili kabla.

Gereji ndiyo inayoumiza mwenye gari A. Joto la hapa linaua vitu kwa zamu: betri, mipira ya maji, rejeta, mikanda, kompresa ya AC. Vumbi la kwenye saiti linaziba filta. Kitu kimoja kimoja ni rahisi, lakini vikifuatana unajikuta kila mwisho wa mwezi uko sanaiya. Uzuri wake ni kwamba Corolla kila fundi anaijua, na spea zake, mpya na za kuchinjwa, zipo kila mahali. Gari B itakuomba oili, filta na breki kwa muda mrefu kabla haijaomba kitu kikubwa, lakini siku ikiomba taa ya mbele au kifaa cha umeme, bei ni nyingine kabisa.

6. Tujumlishe miaka miwili

Gari A, Corolla ya 2010:
- Thamani iliyopotea: 300
- Mafuta (27.5 mara miezi 24): 660
- Bima, mulkiya na ukaguzi (60 kwa mwaka): 120
- Gereji (25 kwa mwezi): 600
- Jumla: riyali 1,680, yaani 70 kwa mwezi

Gari B, Camry ya 2018:
- Thamani iliyopotea: 1,200
- Mafuta (24 mara miezi 24): 576
- Bima na mulkiya (150 kwa mwaka): 300
- Gereji (10 kwa mwezi): 240
- Jumla: riyali 2,316, yaani 96 na nusu kwa mwezi

Hakuna gari:
- Lifti au basi la kazini unalochangia (20 kwa mwezi): riyali 480

Zitazame namba hizi kwa utulivu. Tofauti ya A na B ni riyali 636 kwa miaka miwili. Riyali moja ni karibu dola 2.6, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya dola 1,600. Hata gia ya Corolla ikifa ukalipa riyali 350, jumla yake inafika 2,030, bado iko chini ya Camry. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na mara nyingi ni kweli, lakini kwenye jambo hili ni kweli tu kama umenunua gari mbovu tangu mwanzo. Ndiyo maana sehemu ya 8 hapo chini ni muhimu kuliko zote.

Na tofauti kubwa zaidi si kati ya A na B. Ni kati ya kuwa na gari na kutokuwa nayo. Riyali 70 kwa mwezi kwa mtu wa mshahara wa 180 ni karibu siku 12 za kazi kila mwezi unazofanyia gari. Kama gari haikuletei kazi bora, au haikuokoi kwenye jambo la lazima, jibu la kweli kwa wengi wetu ni: wala A, wala B.

Tahadhari moja hapa. Wengine husema, "Nitabeba wenzangu, kila mmoja atoe riyali kumi, gari ijilipe." Kubeba abiria kwa malipo bila kibali cha teksi ni kosa. Usijenge hesabu yako juu ya faini.

7. Mkopo: B ikiwa deni

Watu wachache sana wana riyali 4,200 mkononi. Kwa hiyo B karibu siku zote inakuja na mkopo. Tuseme umepewa kwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka juu ya deni lote, miaka miwili: unarudisha 4,620, sawa na 192 na nusu kila mwezi. Ukivuta miaka minne, unarudisha 5,040, sawa na 105 kwa mwezi. Inaonekana nyepesi, lakini mkataba wako ni wa miaka miwili na deni ni la minne. Nani amekuahidi miwili ile mingine?

Deni usilolipa linaweza kufika mahakamani, na likifika huko linaweza kukuzuia kusafiri. Hebu fikiria simu ya msiba imekuja kutoka nyumbani, nawe umezuiwa uwanjani kwa sababu ya gari uliyokwisha kuiuza. Msimamo wetu ni huu: mfanyakazi wa mkataba asikope kwa ajili ya gari ya kutembelea. Kama pesa taslimu haitoshi B, basi B si yako kwa sasa, na hakuna aibu.

8. Kukagua kabla ya kununua

Ukishaamua kununua, hasa A, nenda na fundi unayemwamini, mchana, injini ikiwa baridi. Haya usiyaache:

*Namba ya chasi.* Herufi ya kwanza ikiwa J, gari imeundwa Japani. Ikiwa 1, 4 au 5, imeundwa Marekani. Kuundwa Marekani si dhambi, lakini gari nyingi zinazoletwa Ghuba kutoka minada ya Marekani zilipata ajali kubwa kule, zikanyooshwa na kupakwa rangi. Kwa gari kama hiyo, lipia taarifa ya historia yake, kwa mfano ya Carfax, kwa kutumia namba ya chasi. Kama gari ni ya wakala wa hapa, omba rekodi zake za sevisi.

*Maji.* Tunaishi penye mawadi. Hakuna wa Mudhaibi aliyesahau mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoua watu Samad al-Shan, wakiwemo wanafunzi. Mafuriko yakipita, kuna magari yaliyozama ambayo huoshwa na kurudi sokoni. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uone kama una tope. Inua zulia na tairi ya akiba utazame kutu na mchanga. Funga vioo uvute harufu. Gari iliyozama umeme wake hauponi. Na wewe mwenyewe, uwe na A au B, wadi ikishuka simama. Hakuna sedani inayoshinda wadi.

*Eabegi.* Hili ni la uhai. Vifaa vya eabegi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani vilisababisha mamilioni ya magari duniani kuitwa yarekebishwe, kwa sababu kikipasuka kinaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi hukizidishia hatari. Corolla za miaka ya 2003 hadi 2013 ni miongoni mwa zilizoitwa. Chukua namba ya chasi, uulize kwa wakala wa Toyota, ambaye hapa Oman ni Saud Bahwan, kama gari hiyo ilishabadilishwa. Marekebisho ya namna hii hufanywa bure. Usilipe gari kabla hujapata jibu.

*Tairi.* Ubavuni kuna namba nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka kwa jua. Kwenye barabara ya Maskati, kwa mwendo wa 120, tairi kongwe ni kaburi.

*Rejeta, oili na AC.* Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta, ondoka. Washa AC gari ikiwa imesimama juani dakika ishirini, utazame geji ya joto. Ikipanda, ondoka.

Kwa haki, hapa ndipo B inaposhinda: eabegi zaidi, mfumo wa kuzuia gari isiyumbe, breki bora. Kama unaishi hapa na mke na watoto na mnasafiri njia ndefu kila wiki, na pesa ni taslimu, tofauti ya riyali 26 na nusu kwa mwezi ni bei ya usalama, na hatutakulaumu ukiilipa.

9. "Nitaiendesha hapa, kisha nitaisafirisha nyumbani"

Hapana. Hesabu hii imewapotezea wengi akiba. Gari za Oman zina usukani wa kushoto, kwa sababu hapa tunaendesha upande wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda wote wanaendesha upande wa kushoto. Kenya haiandikishi gari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, na pia haipokei gari iliyozidi miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Uganda tangu 2018 haiingizi gari iliyofika miaka 15. Gari ya Oman uiuze Oman, pesa ndiyo isafiri.

10. Sasa zamu ya gari ya nyumbani

Dada zetu, hapa ndipo jibu linapogeuka. Nyumbani gari ya zamani inatozwa adhabu ya umri. Tuchukue Tanzania Bara. Mamlaka ya Mapato, TRA, hutoza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000, au asilimia 10 ikizidi 2,000, kisha VAT asilimia 18. Gari ya abiria ya miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Ikizidi miaka 10, ni asilimia 30. Kuna tozo nyingine ndogo pia, na viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa.

Mfano, gari kutoka Japani ikiwa imefika bandarini:

- Ndogo ya zamani, zaidi ya miaka 10, sisi 1,500, thamani dola 3,000. Forodha 750. Ushuru wa bidhaa 187.5. Uchakavu 1,125. VAT 911. Kodi yote: karibu dola 2,974. Jumla: 5,974.
- Ya familia, chini ya miaka 8, sisi 2,000, thamani dola 5,000. Forodha 1,250. Ushuru wa bidhaa 312.5. Uchakavu hakuna. VAT 1,181. Kodi yote: karibu dola 2,744. Jumla: 7,744.

Umeona? Gari ya bei kubwa imelipa kodi ndogo kuliko ya bei rahisi. Tofauti ya dola 2,000 imepungua kuwa 1,770. Na kumbuka TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, si bei uliyoelewana na muuzaji. Ukiambiwa "gari dola 3,000 tu", uliza: ikiwa barabarani na namba yake ni shilingi ngapi?

Je, basi ununue ya familia? Inategemea kazi yake. Kama ni teksi ya mjini, ya simu au ya kijiweni, abiria halipi zaidi kwa sababu kiti ni kipana. Hesabu ya wiki itakuwa ileile, na injini ndogo itakula mafuta kidogo kwenye foleni. Pia petroli ya nyumbani si ya baisa 229: kule mafuta yanaamua, tofauti na hapa. Kwa teksi, tafuta ya tatu isiyo kwenye swali lako: gari ndogo isiyofika miaka 8, ya jina ambalo spea zake zimejaa Gerezani kule Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi au soko la Kisekka kule Kampala. Hiyo inakwepa adhabu ya umri na inakula kidogo. Kama ni gari ya kukodisha kwa harusi, safari na wageni wa uwanja wa ndege, ya familia ina kazi yake.

Na mambo matatu ya kulinda pesa yako ukiwa mbali:

1. Kadi ya gari iandikwe jina lako, kwa namba yako ya mlipakodi. Kaka ni dereva, mama ni shahidi, mmiliki ni wewe. Mapenzi yabaki moyoni, jina libaki kwenye kadi.
2. Usitume pesa yote kwa mkupuo mmoja kwa mtu mmoja. Bei ya gari ilipwe kwa kampuni inayouza, kodi ilipwe kwa namba ya malipo inayotolewa na serikali, na kila stakabadhi itumwe kwako kwa picha siku hiyohiyo.
3. Makubaliano ya hesabu yaandikwe: kiasi kwa wiki, nani analipa sevisi, nani analipa faini, gari inalala wapi.

11. Jambo la mwisho kulitazama

Rudi kwenye namba mbili. Tofauti ya bei ya Corolla na Camry hapa Mudhaibi, kwa mfano wetu, ni riyali 3,000. Hizo ni dola 7,800. Gari ya familia ya mfano wetu wa Dar es Salaam, kodi imelipwa yote, ni dola 7,744. Yaani fundi anayechukua A badala ya B, na alikuwa na pesa ya B mkononi, ameshika pesa ya gari nzima ya biashara nyumbani. Na dada anayesubiri miezi michache ili apate gari isiyofika miaka 8 amekwepa zaidi ya dola 1,000 za uchakavu.

Zoezi la wiki hii

Fanya haya kwenye daftari, usifanye kichwani:

1. Andika unatumia kiasi gani kwa usafiri kwa mwezi sasa hivi.
2. Andika gari itakuletea nini kwa mwezi, kwa riyali. Heshima usiiandike.
3. Chukua bei ya gari unayoitamani, toa bei utakayoiuzia siku mkataba ukiisha. Gawa kwa miezi iliyobaki.
4. Ongeza mafuta, bima, mulkiya na gereji.
5. Linganisha namba ya 4 na jumla ya namba ya 1 na ya 2. Ikiwa 4 ni kubwa, pesa yako ibaki benki.

Ukimaliza, mwoneshe mtu mmoja unayemwamini ambaye hauzi gari. Somo lijalo tutazungumza juu ya namna ya kuuza gari na kuhamisha mulkiya kabla ya kuondoka moja kwa moja. Tunawatakia kazi njema na riziki ya halali.